Nani Hupima Gari la Zamani? Historia ya Alama na Tuzo, Ikitazamwa kutoka Buteba

Utangulizi

Insha hii inahusu magari ya zamani: jinsi klabu za wamiliki zinavyoyapima kwenye maonyesho, na jinsi zinavyoamua nani aondoke na kikombe. Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa historia kutoka Buteba anatafuta nini huko. Buteba ni gombolola katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka dhahabu ya Tira. Hatuna klabu ya magari ya zamani. Hatuna uwanja wenye majani yaliyokatwa vizuri ambapo mtu mwenye kofia pana angepita na kalamu akikagua boneti.

Tunachokuwa nacho ni barabara. Mizigo inayotoka bandari ya Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba na Busia, na sisi tuko katikati ya milango hiyo miwili. Tumezaliwa na kukua tukitazama vyombo vya moto: malori, matatu, pikapu na pikipiki. Baadhi yake vina umri mkubwa kuliko wazazi wetu, na bado vinabeba mihogo, simenti na abiria. Kwa hiyo swali la gari lipi la zamani linastahili heshima, na kwa kipimo gani, si swali la matajiri wa Nairobi peke yao.

Hoja yangu ni kwamba karatasi ya alama ya mwamuzi ni chanzo cha historia kama zilivyo barua, sarafu na vigae. Inatuonyesha walioitunga walithamini nini. Zaidi ya hapo, ina nguvu ya kubadilisha ushahidi wenyewe, kwa sababu kinachopewa alama hutunzwa, na kinachoondolewa alama hupigwa msasa hadi kitoweke. Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni kile kinachouliza kama gari liko vile lilivyotoka kiwandani. Kipimo hicho kina faida zake, lakini kikitumika peke yake Afrika Mashariki kitatufutia sehemu kubwa ya historia yetu ya usafiri, yaani kazi ya mafundi. Nitaeleza kwanza kipimo hicho kilikotoka, kisha kilivyofika kwetu, na mwishoni nitakijaribu kwa vyombo vya mpakani.

Kutoka umaridadi hadi uasili

Jina linalotumika kwa mashindano haya, hata Nairobi, ni la Kifaransa: Concours d'Elegance, yaani mashindano ya umaridadi. Kati ya vita viwili vikuu vya dunia, mashindano ya namna hii yalistawi Ulaya. Magari yaliyoletwa hayakuwa ya zamani. Yalikuwa mapya kabisa, na waliyoyaleta walikuwa mara nyingi watengenezaji wa bodi waliotaka kuvuta wateja. Mwaka 1929 yalianza mashindano ya Villa d'Este, kando ya Ziwa Como nchini Italia, ambayo jina lake linaendelea hadi leo. Mwamuzi wa wakati ule aliangalia umbo, rangi na mvuto. Hakuuliza kama skrubu ni ya asili, kwa kuwa gari zima lilikuwa limetoka kuundwa juzi.

Badiliko tunaliona vizuri Marekani. Mashindano ya Pebble Beach, California, yalianza mwaka 1950, na katika miaka yake ya kwanza tuzo kuu ilikwenda kwa magari mapya. Mwaka 1955 tuzo hiyo ilichukuliwa na Pierce-Arrow ya mwaka 1931, iliyoletwa na Phil Hill, dereva ambaye baadaye, mwaka 1961, alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 20 liliyashinda magari mapya. Tangu hapo jicho la waamuzi liligeuka kutazama nyuma, na swali la uzuri likaunganishwa na swali la uasili.

Kugeuka huko kulihitaji kanuni. Ni rahisi kwa watu watano kukubaliana kwamba gari linapendeza. Ni vigumu kukubaliana kwamba ni la kweli. Klabu ya Antique Automobile Club of America, iliyoanzishwa mwaka 1935, inatumia utaratibu ambao wengi wameuiga. Gari huanza na alama 400. Waamuzi hugawana sehemu nne, yaani nje, ndani, injini na chesisi, kisha hupunguza alama kwa kila kasoro wanayoiona. Gari halishindanishwi tu na jirani yake uwanjani, bali hupimwa dhidi ya hali ambayo mteja angelikuta dukani siku ya kwanza. Shahidi mkuu ni karatasi: katalogi ya kiwanda, kitabu cha spea, tangazo la mauzo la mwaka ule. Kitu kikiwa kwenye katalogi kinakubalika. Kisipokuwepo, mwenye gari hupoteza alama hata kama kitu hicho ni bora kuliko cha kiwandani.

Huo si utaratibu pekee. Katika Villa d'Este kuna tuzo inayotolewa na jopo la waamuzi, na kuna nyingine, Coppa d'Oro, inayoamuliwa kwa kura za watazamaji. Kwa hiyo mpaka sasa tumeona njia tatu za kufikia kikombe: kupunguza alama, kujadiliana katika jopo, na kupiga kura. Kila njia ina mtu inayemwamini. Ya kwanza inaiamini katalogi, ya pili inamwamini mjuzi, na ya tatu inauamini umma.

Kimataifa lipo shirikisho la klabu hizi, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966. Kwa tafsiri yake, chombo cha kihistoria ni chenye umri wa angalau miaka 30, kilichohifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na ambacho hakitumiki kwa usafiri wa kila siku. Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo ya mwisho, kwa maana nitayarudia.

Saa na jicho: Afrika Mashariki

Kwetu gari lilianza kushindanishwa kwa saa kabla ya kushindanishwa kwa jicho. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalifanyika mashindano ya Coronation Safari katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Kampala ilikuwa mojawapo ya vituo vya kuanzia. Kwa mada yetu kuna jambo moja muhimu hapa: magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, bali kwa bei yake dukani. Waandaaji walitaka gari ambalo mtu wa kawaida, yaani mlowezi wa kawaida wa wakati ule, angeweza kulinunua na kulipeleka barabarani bila kulibadilisha sana. Hata mshindi wa jumla hakutangazwa rasmi mwaka ule, ingawa aliyekuwa na makosa machache zaidi alikuwa Alan Dix, aliyeendesha Volkswagen ndogo.

Kanuni hiyo ya bei ni ushahidi. Inatuambia kwamba lililotafutwa mwaka 1953 lilikuwa jibu la mnunuzi: kwa pesa zangu, gari gani litavumilia matope ya barabara hizi? Mwafrika aliyesimama kando ya barabara akitazama hakuwemo kwenye swali hilo kama mnunuzi. Mwaka 1960 jina lilibadilishwa kuwa East African Safari, na katika miaka ya 1970 mashindano yakabaki Kenya peke yake. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari kwa magari ya zamani. Hata hivyo, hayo nayo huamuliwa kwa saa. Gari likipasuka kioo likawahi kufika, limeshinda.

Kipimo cha jicho kilikuja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Alfa Romeo Owners Club ilipoanzisha Concours d'Elegance. Kwa miaka mingi imefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba, ikidhaminiwa na benki ambayo baada ya kuungana na nyingine mwaka 2019 inaitwa NCBA. Idadi ya washiriki ina kikomo: magari yasiyozidi 70 na pikipiki zisizozidi 40. Kampala nayo iliwahi kuwa na Concours yake katika miaka ya 2010.

Kikomo hicho kina sababu. Ukaguzi wa namna hii unachukua muda. Kundi moja la waamuzi hufungua boneti na kutafuta mafuta yanayovuja, nyaya zilizofungwa ovyo na kutu kwenye boliti. Kundi jingine huingia ndani: viti, mazulia, vipimo vya dashibodi, harufu. Wengine huinama chini kutazama sehemu ambayo mwenye gari mvivu hudhani haionekani. Wengine hujaribu taa, honi na waipa. Rangi huangaliwa kwa pembeni ili mwanga wa jua ufichue mawimbi ya bodi iliyonyooshwa vibaya. Mwisho alama hujumlishwa kwa kila kundi, na kutoka kwa washindi wa makundi hupatikana mshindi wa jumla.

Kuna haki fulani katika utaratibu huu, na napenda kuikiri kabla sijaukosoa. Magari hugawanywa katika makundi, hasa kwa ukubwa wa injini, na magari ya kazi yana nafasi yao, kwa hiyo Volkswagen ya mwalimu haisimamishwi mbele ya Rolls-Royce kuaibishwa. Alama hutolewa kwa utunzaji, si kwa bei. Mtu aliyeamka alfajiri kwa mwaka mzima kusugua chini ya gari lake dogo anaweza kurudi na kikombe, na tajiri aliyeleta gari la fahari lenye vumbi kwenye kona za milango akarudi mikono mitupu. Waamuzi wangekuwa wanachagua kwa kupendezwa tu, bila karatasi, sina hakika kama mwenye gari dogo angefua dafu.

Baiskeli ya Busia

Sasa tukichukue kipimo cha "kama lilivyotoka kiwandani" tukilete mpakani. Nianze na chombo kisicho na injini, kwa sababu ndicho kilichotangaza jina la Busia kuliko gari lolote.

Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda kuna kipande cha ardhi cha kutembea. Kuanzia miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walianza kuwabeba watu na mizigo yao katika kipande hicho, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka mara mbili kwa midomo yetu: boda boda. Kazi hiyo ilienea hadi Kampala, Kisumu na kwingineko, ikahamia kwenye pikipiki, na leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki nzima.

Baiskeli zenyewe zilikuwa za kawaida, zile nyeusi nzito zilizotoka Uingereza, na baadaye India na China. Kilichozifanya boda boda hakikutoka kiwandani. Fundi wa mpakani aliongeza karia pana nyuma, akaweka juu yake mto wa sponji uliofunikwa kwa ngozi bandia, akachomea vyuma vya kuongezea fremu nguvu na mahali pa abiria kukanyaga. Wengine walipamba mto kwa nyuzi za rangi na kuandika maneno kwenye madigadi.

Tuseme baiskeli moja ya aina hiyo imesalia, na mjukuu wa mwenyewe anataka kuipeleka kwenye maonyesho. Anatafuta katalogi ya kiwanda. Anagundua kwamba mto, karia pana na vyuma vya kuongeza nguvu havimo. Ili asipoteze alama, anavikata, anaisugua fremu, anaipaka rangi nyeusi mpya na kubandika nembo inayong'aa. Atapata alama nyingi, na huenda akapata kikombe. Lakini baiskeli iliyobaki uwanjani ni ya Birmingham. Ile ya Busia imekwenda na vyuma vilivyotupwa. Ushahidi wa jinsi watu wa mpakani walivyogeuza bidhaa ya kigeni kuwa kazi, jina na desturi umeondolewa kwa msasa, tena kwa nia njema kabisa ya kuhifadhi.

Chuma kisicho na katalogi

Mtu anaweza kusema baiskeli ni mfano wa pekee. Sidhani. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa. Mabasi mengi yaliyopita barabara zetu yalikuwa na chesisi na injini kutoka nje, lakini bodi ilijengwa hapa hapa na mafundi wa vyuma, mbao na vioo. Matatu za mwanzo zilizotokana na pikapu na magari ya mizigo zilipata paa, mabenchi na ngazi kwa mikono ya mafundi wa mitaani. Chombo kama hicho kilizaliwa mara mbili, mara ya kwanza ng'ambo na mara ya pili gereji. Mwamuzi akiuliza kilitokaje kiwandani, tumjibu kiwanda kipi?

Upande wa Uganda kuna sababu nyingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Tororo na Busia, kama miji mingine, zilipoteza wenye maduka walioleta na kuuza bidhaa, zikiwemo spea. Baadaye ilikuja vita ya 1978 na 1979, na migogoro iliyoendelea hadi 1986. Mtu aliyekuwa na gari miaka hiyo hakuchagua kati ya spea ya asili na spea bandia. Alichagua kati ya gari linalotembea na gari lililokufa. Gari lililovuka miaka hiyo likiwa limevaa kabureta ya gari jingine na taa zisizofanana ni kumbukumbu ya uchumi wa Uganda wa wakati ule. Tofauti ya taa zake ni habari, na mwanahistoria anayejua kusoma atasoma.

Nilimuuliza fundi mmoja mzee, katika kituo chetu cha biashara, yeye hulipima vipi gari analoletewa. Nilimwita Mzee kama tunavyomwita wote, naye akaniita mwanangu, akaendelea kufungua boliti huku akinifundisha. Huanza asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa sababu injini yenye moto huficha ugonjwa. Huangalia moshi: wa samawati unamaanisha inakula oili, mweusi unamaanisha mafuta yanaingia kupita kiasi, mweupe usiokoma unamaanisha maji yamepata njia. Hubonyeza kila kona ya gari kwa uzito wake na kutazama linavyoinuka. Hupitisha kiganja kwenye tairi ili ajue limeliwa upande gani. Mwisho huuliza lilitengenezwa na nani mara ya mwisho. Rangi hakuitaja kabisa.

Mzee huyo ana kipimo kamili, chenye hatua na sababu, sawa na kile cha waamuzi wa Ngong. Tofauti ni kwamba cha kwake hakijaandikwa popote. Yeye na wenzake hukata bushi kutoka mpira wa tairi kuukuu, hunyoosha springi kwa moto wa makaa, na huchonga kifaa ambacho kiwanda kiliacha kukitengeneza miaka mingi iliyopita. Kwenye karatasi ya kawaida ya alama kila moja ya kazi hizo ni kasoro. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kikombe humwona mwenye kumiliki kilichoelea. Aliyekiunda hatajwi wakati wa kutoa tuzo.

Hapa ndipo maneno ya FIVA niliyoomba yakumbukwe yanaporudi. Chombo kinachotumika kwa usafiri wa kila siku hakihesabiwi kuwa cha kihistoria. Naelewa nia yake, maana bila mpaka huo kila gari bovu lingedai heshima. Lakini kanuni hiyo ilitungwa mahali ambapo gari likizeeka hustaafu. Kwetu gari likizeeka hubadilishiwa kazi. Pikapu iliyobeba familia ya mfanyabiashara hubeba matofali, halafu mchanga, halafu maji. Kwa kipimo hicho, chombo chenye historia ndefu kuliko vyote katika gombolola yetu kitakosa sifa kwa kosa moja, nalo ni kwamba bado kinafanya kazi.

Mapingamizi matatu

La kwanza ni la udanganyifu. Bila kipimo cha uasili, mtu ataunganisha vipande vya magari matatu na kutuambia ni gari la babu yake. Ni kweli, na ndiyo maana waamuzi huangalia namba za chesisi na injini. Lakini udanganyifu hauko katika kubadilisha. Uko katika kuficha mabadiliko. Gari lenye injini ya pili, likiwa na maelezo ya lini na kwa nini iliwekwa, halijamdanganya mtu.

La pili ni la usalama. Bushi ya tairi si bushi ya kiwandani, na sipendi kuipamba hali ngumu kana kwamba ilikuwa sherehe. Watu wamekufa kwenye barabara hizi kwa breki zilizotengenezwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo gari la maonyesho likaguliwe breki, usukani na taa bila huruma, na lisilo salama lisimame kama kielelezo tu, lisiendeshwe. Kuuheshimu ukarabati hakumlazimishi mtu kuupanda.

La tatu ni kwamba klabu ni mali ya wanachama wake, nao wana haki ya kutuza wanachokipenda. Hilo nalikubali. Siwaombi Alfa Romeo Owners Club wabadilishe kanuni zao kwa ajili ya Buteba. Ila hata huko kanuni zilikotoka, mawazo yamesogea. Mashindano makubwa, Pebble Beach likiwemo, sasa yana makundi ya magari ambayo hayajawahi kukarabatiwa upya, ambamo rangi iliyofifia na kiti kilichochakaa ni sifa. Mkataba wa Turin, uliopitishwa na FIVA mwaka 2012, unasema wazi kwamba mabadiliko yaliyofanywa chombo kikiwa katika matumizi yake ya kawaida ni ushuhuda wa historia yake, na kwamba si lazima kukirudisha katika sura kiliyokuwa nayo siku kilipotengenezwa. Kwa hiyo hoja niliyoijenga kwa baiskeli ya Busia inaungwa mkono na hati ya shirikisho lenyewe. Kilichobaki ni karatasi ya alama kuisikiliza hati hiyo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kipimo cha magari kimebadilika kila mara waliokishika walipobadilisha swali. Ulaya ya kati ya vita viwili iliuliza lipi linapendeza. Marekani iliuliza lipi ni la asili. Safari ya 1953 iliuliza lipi linavumilia kwa bei yake. Nairobi inauliza lipi limetunzwa. Hakuna aliyepewa swali lake kutoka mbinguni, na sisi pia tunaweza kutunga letu.

Napendekeza litungwe kwa ajili ya maonyesho madogo ya vyombo vya mpakani, Busia au Tororo. Swali liwe: chombo hiki kimeishi vipi hapa, na tunajuaje? Kwa alama 100 ningegawa hivi: 30 kwa ushahidi wa maisha yake, yaani kadi, risiti, picha na simulizi za waliokitumia, 30 kwa ustadi wa ukarabati, ukielezwa na fundi mwenyewe, 20 kwa uwezo wa kuendeshwa, na 20 kwa usafi na usalama. Kisha, jina la fundi lisomwe pamoja na la mwenye chombo, na kikombe kiwe na nafasi ya majina mawili.

Jambo hili lina haraka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yenye zaidi ya miaka 15. Sheria hizo zina sababu nzuri za moshi na ajali, na siziombei zifutwe. Lakini zinatukumbusha kwamba vyombo vya zamani tulivyonavyo havitapata wenzao. Wakati huo huo wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani zao, nao pia ni wapimaji: wao hupima kwa kilo. Katika kipimo chao lori lililovuka miaka ya Amin na lori la juzi ni uzito tu.

Kabla hatujapata uwanja wala kikombe, sisi wanafunzi wa historia tunaweza kuanza na daftari. Katika kila kituo cha biashara kuna fundi aliyezeeka na chombo kilichozeeka naye. Tumuulize alibadilisha nini, mwaka gani, kwa nini, na alikitoa wapi. Kazi hiyo haihitaji mdhamini. Inahitaji mtu wa kuketi kando ya gereji na kuandika huku mzee akifanya kazi, kabla mwenye mizani hajafika.